Silaha Zinazobebwa na Ndege za Kivita: Maswali Ninayoulizwa Barazani Malindi

Kwa miaka 19 nilikuwa fundi wa silaha za ndege. Rubani hupaa na watu wakamtazama. Sisi tulikuwa chini ya bawa, mikono imejaa grisi, tukifunga bomu, tukijaza risasi, tukichomoa pini. Sasa nimestaafu, niko kwetu Malindi. Jioni baada ya Magharibi nikikaa barazani na kikombe cha kahawa, ikapita ndege juu kuelekea kaskazini, basi maswali huanza. Vijana huuliza, wazee wenzangu huuliza, na siku hizi napigiwa hata simu. Nimeyakusanya yale yanayorudi sana. Siri za jeshi hazimo humu, yote ni mambo yanayojulikana hadharani. Ninachotaka ni kwamba anayeisikia ile ngurumo ajue kinachoning'inia chini ya bawa ni nini, na kwamba kazi ya kitu kile haiishi pale rubani anapokiachilia.

Babu, ni kweli Malindi iliwahi kupigwa mabomu?

Ni kweli. Oktoba 1940 ndege za Italia zilikuja zikaangusha mabomu hapa. Italia ilikuwa imeingia vitani tarehe 10 Juni mwaka huo upande wa Ujerumani, na Somalia ya kusini ilikuwa koloni lake, kwa hiyo mpaka wa adui ulikuwa pale ng'ambo ya Kiunga tu. Kutoka Kismayu hadi Malindi kwa njia ya anga ni kilomita 400 na kitu, safari ndogo kwa ndege za mabomu za wakati ule. Hofu hiyo iliisha Februari 1941, majeshi ya Uingereza yalipoiteka Kismayu na kisha Mogadishu.

Vijana hushangaa kwa sababu Mwitaliano wanamjua kama jirani, mtu wa pizza na aiskrimu na nyumba ya ufuoni. Mimi huwaambia hivi: bomu halikuja na chuki ya mtu mmoja mmoja. Alielekezwa kijana mmoja kwenye ramani, akavuta mkono, akageuza ndege akarudi kwao. Aliyekuwa chini alikuwa na mtumbwi na shamba la minazi.

Nani alikuwa wa kwanza kuangusha bomu kutoka kwenye ndege?

Naye alikuwa Mwitaliano: Luteni Giulio Gavotti, tarehe 1 Novemba 1911, huko Libya, Italia ilipokuwa ikipigana na Waturuki. Ndege yake iliitwa Taube, ya mbao na kitambaa. Alichukua maguruneti manne, kila moja kama kilo moja na nusu au mbili, na viwashio vyake akavitia mbali. Akiwa hewani, mkono mmoja kwenye usukani, alikiingiza kiwashio kwa mkono wa pili kisha akalirusha guruneti nje ya ubavu wa ndege. Aliyarusha huko Ain Zara na Tajura.

Mimi kama fundi, kila nikifikiria mkono ule peke yake unaokaza kiwashio huku ndege ikiyumba, mgongo unanisisimka. Miaka mia na zaidi imepita, na kila kitu nilichofundishwa kazini kilitungwa ili mtu asije akafanya tena alivyofanya Gavotti.

Kabla ya makombora, marubani walipiganaje wao kwa wao?

Mwanzoni kwa bastola na bunduki za kawaida, mtu akimlenga mwenzake kama anawinda. Kisha wakafunga bombomu. Tabu ilikuwa pangaboi la mbele: ukipiga moja kwa moja mbele unalikata pangaboi lako mwenyewe. Mfaransa Roland Garros, mwezi Aprili 1915, alifunga vipande vya chuma kwenye pangaboi ili risasi zikiligonga zipotoke. Ilifanya kazi kwa majuma machache tu, akashuka upande wa Wajerumani, nao wakakiona kifaa. Katikati ya mwaka huo ndege za Fokker zikaja na mtambo uliounganisha bunduki na injini: bawa la pangaboi likipita mbele ya mtutu, bunduki inanyamaza, likishapita, inapiga. Hapo ndipo ndege ikawa silaha kamili, maana rubani sasa alielekeza ndege nzima kama vile mtu anavyoelekeza mtutu.

Kwa upande wetu wa Pwani, vita hivyo vya kwanza vilikuwa na ndege?

Vilikuwa nazo, na ushahidi unaweza kuugusa. Nenda Fort Jesus, Mombasa, utakuta mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg. Meli hiyo ilijificha ndani ya mikoko ya delta ya Rufiji, Tanganyika, mwisho wa 1914. Waingereza hawakuweza kuiona kutoka baharini, hivyo wakaleta ndege chache, dhaifu, gundi yake ikiyeyuka kwa joto na unyevu wa kwetu. Wakaziweka kisiwani Mafia. Julai 1915 meli mbili za mizinga ziliingia mdomoni mwa mto, na ndege juu ikawa inatuma habari kwa redio: umepiga mbali, vuta karibu, sogea kushoto. Tarehe 11 Julai Königsberg ikawa imekwisha.

Silaha kubwa ya ndege siku ile ilikuwa macho, na hadi leo ni hivyo hivyo. Bomu bila mtu wa kukuonyesha mahali ni chuma kinachoanguka.

Katika vita vya pili Waingereza waliweka ndege za kutua majini aina ya Catalina hapo Kipevu, Mombasa, kulinda meli dhidi ya nyambizi. Zilibeba mabomu ya chini ya maji, kama mapipa, yanayosikia uzito wa maji: likizama kina kilichopangwa, shinikizo linakiwasha kiwashio. Catalina za vikosi vya eneo hili la bahari ndizo zilizoizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197 kusini mwa Madagaska tarehe 20 Agosti 1943.

Mzinga wa ndege una risasi ngapi? Kwenye sinema hawaishiwi.

Wanaishiwa upesi kuliko unavyodhani. Spitfire ya kwanza ya Uingereza ilikuwa na bunduki nane mabawani, kila moja risasi 300. Ukikaza kidole bila kuachia, ndani ya sekunde 15 hivi umemaliza. F-5E, ambayo Jeshi la Anga la Kenya limeitumia kwa miaka mingi, ina mizinga miwili ya milimita 20 puani, risasi 280 kila mmoja. Mzinga ule unatema kama risasi 1,500 kwa dakika. Piga hesabu mwenyewe: sekunde 11 na kidogo. Kwa hiyo rubani hugusa, huachia, hugusa, huachia.

Marekani ina A-10, ndege iliyojengwa kuuzunguka mzinga wake wa mitutu saba, milimita 30, unaopiga mara 3,900 kwa dakika. Nao hubeba risasi 1,174 tu.

Kulikuwa na wakati wakubwa waliamini mzinga umepitwa. Ndege za F-4 Phantom za kwanza za Marekani zilikwenda Vietnam na makombora peke yake. Makombora yakakosa, adui akakaribia mno, na rubani hana kitu mkononi. Ilibidi mzinga urudishwe, na F-4E ikatengenezwa nao ndani kabisa.

Bomu, roketi na kombora vina tofauti gani? Gazetini wanayachanganya.

Wanayachanganya kweli, na inanikera. Bomu halina injini, linaanguka. Roketi ina injini lakini haina akili: inakwenda ulikoielekeza, ukikosea imekosea. Kombora lina injini na linajielekeza au linaelekezwa hadi mwisho. Ukikumbuka hayo matatu utaielewa kila habari ya vita.

Kombora la kufuata joto linajuaje lipi la kufuata?

Halijui. Linaona. Mfano ni Sidewinder la Marekani, lililopewa jina la nyoka wa jangwani anayehisi joto la panya gizani. Uzito wake ni kilo 85 hivi, urefu kama mita 3. Puani kuna jicho la kioo. Tulikuwa tukilibeba watu wanne mabegani, na mkubwa wetu alikuwa akirudia kila siku neno moja: msiliguse jicho. Alama ya kidole ikibaki pale, kombora linaona ukungu.

Nyuma ya kioo kuna kihisi cha joto. Kinaona moto wa injini ya adui, kinayaambia mapezi ya mbele yageuke, na kombora linaufuata moto ule. Lilitumika vitani mara ya kwanza tarehe 24 Septemba 1958, juu ya mlango wa bahari wa Taiwan. Makombora ya mwanzo yalidanganyika kwa urahisi, yakifuata hata jua. Ndiyo maana ndege hurusha fataki zenye moto mkali ili kulipoteza. Makombora mapya yanatofautisha umbo la ndege na fataki, na kazi ya kuyakwepa imekuwa ngumu.

Yale yanayoongozwa kwa rada ni ukoo mwingine. Hayo hupigwa kutoka mbali, rubani hata hajamwona mwenziwe kwa macho.

Hayo mabomu "yenye akili" ni mabomu gani?

Mara nyingi ni bomu lile lile la zamani lililovalishwa kichwa na mkia. Chukua Mk 82 la Marekani: kilo 227, yaani mifuko minne na nusu ya saruji, na ndani yake baruti kama kilo 89, kilichobaki ni chuma kitakachopasuka vipande. Ukilifunga jicho la leza mbele na mapezi nyuma, linafuata doa la leza ambalo mtu analimulika kwenye shabaha. Ukilifunga mkia wa JDAM, linapokea mahali lilipo kutoka setilaiti na kujiendesha, na likiachiwa juu sana huweza kuteleza zaidi ya kilomita 20. Ni kama kuliachia juu ya Malindi likaanguke Watamu.

Wazo si geni. Wajerumani waliizamisha manowari Roma ya Italia, iliyokuwa ndiyo kwanza imewaacha mkono, tarehe 9 Septemba 1943 kwa bomu la Fritz X, lililoongozwa kwa redio na mtu aliyekaa ndani ya ndege. Leza ilikuja Vietnam mwaka 1968. Daraja la Thanh Hoa, ambalo Wamarekani walilipiga kwa miaka bila kuliangusha, lilivunjwa mwaka 1972 kwa mabomu ya namna hii.

Lakini naomba nieleweke. Bomu hili lina shabaha, halina busara. Litakwenda hasa pale lilipoambiwa. Kama aliyeandika namba amekosea nyumba, litaipiga nyumba ya makosa barabara, bila kukosea hata hatua.

Kwa nini bomu halilipuki likiwa bado kwenye bawa?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa kuwa ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Baruti ya bomu ni pole kuliko watu wanavyodhani. Haiwaki kwa kugongwa ovyo, inahitaji mlipuko mdogo uanze ndani yake. Mlipuko huo mdogo unakaa kwenye fyuzi. Na fyuzi, kabla ya bomu kuachiwa, imelala: kile kitakachowasha hakijakaa sawa na kile kitakachowashwa.

Aina ya zamani ina pangaboi dogo puani mwa bomu, la ukubwa wa kiganja. Waya mwembamba unapita katika tundu la pangaboi hilo na ncha yake ya pili imefungwa kwenye ndege. Bomu likianguka, waya unabaki juu na ndege. Pangaboi sasa liko huru, upepo unalizungusha, na kila mzunguko unasogeza mtambo wa ndani. Likishazunguka idadi iliyopangwa, fyuzi imeamka. Hapo ndege imekwisha kuwa mbali. Rubani akipatwa na dharura, anaweza kuliachia bomu pamoja na waya wake, likaanguka limelala.

Juu ya hayo kuna pini. Kila kitu kinachoweza kuachia, kupiga au kuwaka kina pini ya chuma yenye utepe mwekundu mrefu. Ndege ikiwa imeegeshwa na silaha, tepe zinapepea kila mahali. Pini za mwisho huchomolewa mwisho wa barabara ya kurukia, pua ya ndege ikielekea pasipo na watu, rubani ameinua mikono juu tuione kwamba haigusi swichi. Unachomoa, unazihesabu, unamwonyesha rubani zote mkononi mwako, naye anazihesabu kwa macho. Akiitikia kwa kichwa, anakwenda. Nimefanya hivyo alfajiri nyingi, na mpaka leo nikifunga mlango usiku nautazama mara mbili.

Ndege za Kenya zimebeba silaha gani miaka yote hii?

Miaka ya 1970 Jeshi letu la Anga lilikuwa na Hunter na Strikemaster kutoka Uingereza, kisha mwishoni mwa miaka hiyo F-5 za Marekani zikaanza kuja, na Hawk baadaye. Ni ndege za mizinga, mabomu na roketi, na F-5 huweza kubeba Sidewinder kwenye ncha za mabawa. F-5 zilitumika Somalia, operesheni ya Linda Nchi ilipoanza Oktoba 2011.

Helikopta za MD 500 zilikuja na kombora la TOW la kupiga vifaru. Hili hupenda kuwaeleza wavuvi, nao hulielewa kuliko mtu yeyote. Kombora likitoka linafungua nyuma yake waya mwembamba, kama mshipi unavyofunguka samaki akikimbia, hadi karibu kilomita 4. Anayelenga anaweka alama yake kwenye shabaha, na amri zinapita ndani ya waya ule. Waya ukikatika, kombora limepotea.

Na mabomu ya Waingereza wakati wa Mau Mau? Baba alinisimulia.

Alikusimulia kweli. Kati ya 1953 na 1955 Waingereza walitumia ndege ndogo za Harvard, zenye mabomu ya kilo 9, na ndege kubwa za Lincoln zenye mabomu ya kilo 227 na zaidi, juu ya misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Miti mirefu na udongo laini vilimeza mengi. Baadhi hayakulipuka, yakabaki.

Ndege tunazozisikia Lamu usiku zina mabomu?

Nyingi ni za abiria na mizigo. Lakini Manda Bay kuna kambi ya jeshi na uwanja wake, na ndege za kijeshi zipo, ikiwemo za kupeleleza. Ngurumo peke yake haikuambii kitu. Chini ya bawa la ndege ya kijeshi mara nyingi kinaning'inia tangi la mafuta au kamera.

Kuhusu Manda Bay, watu wasisahau tarehe 5 Januari 2020. Al-Shabaab walikuja kwa miguu kabla ya jua, wakaushambulia uwanja. Wamarekani watatu wakauawa, na ndege kadhaa zikateketea pale pale chini. Ndege ikiwa imeegeshwa ni bati na mafuta, haina ujanja wowote. Wale waliofia pale walikuwa na mama zao, kama walivyo na mama zao watu wa Lamu waliouawa vijijini miaka ile.

Droni je?

Ni ndege ambayo rubani wake ameketi mahali pengine, basi. Silaha zake ni nyepesi. TB2 ya Uturuki hubeba vibomu vinne vya kuongozwa kwa leza, vya kilo 22 kila kimoja. Reaper ya Marekani hubeba Hellfire, kombora la karibu kilo 50, na mabomu ya kilo 227. Kilichobadilika ni muda: ndege ya rubani hupita, droni hukaa juu masaa na masaa ikitazama.

Kuna silaha za ndege zilizokatazwa?

Zipo. Mabomu ya mtawanyiko, yale yanayofunguka hewani na kumwaga vibomu vidogo kwa mamia, yamekatazwa na mkataba uliokubaliwa Dublin mwezi Mei 2008 na kuanza kutumika tarehe 1 Agosti 2010. Kenya ilitia saini Oslo, Disemba 2008. Mataifa makubwa kama Marekani, Urusi na China hayamo. Sababu ya kuyakataza ni moja, na mimi naiunga mkono kwa moyo wote: vibomu vingi havilipuki, vinabaki shambani, vingine vina rangi ya kupendeza au utepe, na anayeviokota ni mtoto.

Silaha za moto, kama napalmu, zina itifaki ya mwaka 1980 inayokataza ndege kuziangusha kwenye shabaha za kijeshi zilizo katikati ya raia.

Nimeokota chuma cha ajabu ufuoni. Nikuletee?

Usiniletee! Usikiguse, usikipige jiwe, usikipeleke kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kumbuka lile pangaboi: chuma kilichokaa miaka 70 ardhini kinaweza kuwa kimeamka kikasita nusu ya mzunguko. Kutu hailifanyi bomu kuwa salama, hukiharibu kile kilicholizuia. Weka alama mbali na mahali, ondoa watoto, piga 999 au 112.

Kuna mvuvi alikuja kwangu na kitu ndani ya gunia, kizito, cha mviringo, kimejaa kome. Alikiweka juu ya baraza, karibu na birika. Nilimwambia kila mtu ainuke taratibu na kwenda hadi mwisho wa kichochoro, nami nikawafuata, viatu nikaviacha. Polisi walikuja, wakaita mabingwa. Ilikuwa sehemu ya pampu ya meli. Mvuvi aliniomba radhi mara tatu, na mimi nikamwambia nitaondoka tena vile vile akileta kingine.

Mwanangu anataka kuwa fundi wa silaha za ndege. Aanzie wapi?

Fizikia na hisabati, asizikimbie. KDF, yaani majeshi ya ulinzi ya Kenya, hutangaza usajili magazetini na usajili ni bure. Anayekuomba shilingi ni mwizi, mripoti.

Kisha mfundishe kurudisha vitu mahali pake. Kazini tulikuwa na ubao wa zana, na kila spana imechorewa kivuli chake kwenye ubao. Jioni unatazama ubao, si spana. Ukiona kivuli kitupu, ndege hairuki, hata kama mkubwa amesimama anatazama saa yake, mpaka spana ile ipatikane. Usiku mmoja tulitafuta bisibisi ndogo hadi alfajiri. Ilikuwa ndani ya buti langu.